Matone, matandazo au tangi: kipi kitangulie katika bustani ya nyumbani Nakuru?

Binti wa Lanet
Wanajukwaa, hamjambo? Nina bustani ya jikoni hapa Lanet, eneo la mita 10 za mraba hivi, yenye sukuma wiki, managu na vitunguu, pamoja na ukoka mbele ya nyumba. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kuanzia Desemba hadi masika yaanze mwezi wa Machi, mboga hunyauka kabla zamu yetu haijafika. Fedha zangu zinatosha jambo moja tu kwa sasa: mipira ya umwagiliaji wa matone, au gata na tangi la lita 1,000. Jirani yangu anasisitiza kwamba matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo, peke yake yanatosha. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Mkulima wa Njoro
Dada, tazama udongo kwanza. Udongo wetu wa huku, uliotokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na hupitisha maji upesi, kwa hiyo ukimwaga ndoo nzima kwa mara moja, sehemu kubwa huzama hadi mahali ambapo mizizi ya sukuma haifiki. Changanya samadi iliyooza vizuri ili udongo upate nguvu ya kushika maji, kisha tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka kila shina ili lisioze. Saa nane mchana funua matandazo uchomeke kidole, halafu uchomeke kingine kwenye udongo ulio wazi. Kule wazi utagusa vumbi lenye joto. Chini ya nyasi kidole kitatoka kimeshikwa na udongo wenye unyevu. Jirani yako hajakosea.

Fundi Bomba, Kisumu
Matandazo ni mazuri, lakini hayaongezi maji, yanayahifadhi tu yaliyopo. Mipira ya matone hupeleka maji kwenye mizizi moja kwa moja bila kulowesha majani wala njia za katikati, na hata pipa dogo lililoinuliwa mita moja kutoka ardhini linatosha kuyasukuma bila pampu. Kwa udongo mwepesi kama wenu, chagua mipira yenye vitundu vilivyokaribiana, sentimita 20 hadi 30, kwa sababu tone huteremka wima badala ya kusambaa. Usikubali kuuziwa mipira isiyo na chujio. Maji yenye tope au chumvichumvi huziba vitundu, na mmea mmoja hukauka huku wa pembeni ukistawi, nawe usijue sababu.

Mama Kunde, Ahero
Huku kwetu uwanda wa Kano mambo ni tofauti kabisa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji kwa muda mrefu, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mizizi hukatika. Mimi hutandaza makapi ya mpunga, ambayo hapa hayakosekani, na nyufa zimepungua sana. Maji ya kufulia humwagia migomba, si mboga za majani, nayo hupishana na maji safi ili chumvi ya sabuni isirundikane. Ukinunua tangi, dada, lifunike kwa wavu, usije ukafuga mbu.

Mwalimu wa Bahati
Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hata tukitoa thuluthi kwa kumwagika, tangi lako la lita 1,000 hukaribia kujaa kwa mvua hiyo moja tu: lita 800 zimo. Lakini wakati wa kiangazi mboga hutumia takriban lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 40 hadi 50 kwa bustani yako, na hata tangi lililojaa litakuwa tupu kwa wiki tatu au tatu na nusu. Kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo. Ndiyo maana namuunga mkono mkulima wa Njoro: matandazo na samadi sasa, kwa kuwa gharama yake ni jasho, fedha ziende kwenye matone, yakiwekwa chini ya nyasi ili jua lisiharibu mipira, gata na tangi vifuate utakapojaliwa.

Binti wa Lanet
Nimewaelewa, nami nitafuata mpangilio wa Mwalimu. Na ukoka je?

Mkulima wa Njoro
Usiumwagilie. Majani yatakauka, lakini mizizi hubaki hai na huchipua mvua ikinyesha. Usiukate mfupi wakati wa jua, na nyasi utakazokata zikaushe kwanza kabla ya kuzitandaza kwenye mboga, kwa maana zikirundikwa mbichi hupata joto na kuunguza mashina.