Mjadala: Kanda za picha zilizotafsiriwa zitunzwe, au ziachwe zioze?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hili kwa sababu kanda zinakwisha. Nazungumzia zile picha za ngumi, za makomando na za kutisha ambazo Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi tunamjua kama Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, yeye na wenzake waliomfuata. Waliopita kwenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video, vya Manzese au Mbagala hapa Dar es Salaam wanajua kilichokuwa kinajaza mabenchi. Wengi walifuata ile sauti kuliko hata steringi mwenyewe.

Msimamo wangu: zitunzwe na serikali, tena kama kazi za Kitanzania. Picha zenyewe haziko hatarini. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970 na 1980 zimesafishwa upya huko nje kutoka kwenye mikanda ya awali ya kamera, na leo zinaonekana vizuri kuliko tulivyowahi kuziona hapa. Ila humo Lufufu hayumo. Hakuwa anafuata maneno ya waigizaji tu. Alieleza ugomvi ulikotoka, alijaza pale picha ilipokuwa kimya, alitufanya tumchukie adui kabla hajafanya lolote. Usimulizi huo umechanganywa na sauti ya filamu kwenye kanda moja, huwezi kuutenga. Kanda ikifa, kazi yake imekufa nayo.

Na zinakufa kweli. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na kwa hewa ya jiji hili la pwani kuvu haikawii kuota. Deki nazo hazitengenezwi tena: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuziunda, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016.

Mchangiaji wa Sinza

Mkuu, nakuheshimu, lakini mimi ni mtu wa Bongo Movie, filamu zetu za Kitanzania, na hili linaniuma. Uliyoyaeleza ni wizi wenye sauti nzuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: kutafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi. Nani aliombwa ruhusa Hong Kong? Nani aliombwa India?

Sisi tulibandikiwa stempu za kodi za TRA, Mamlaka ya Mapato, tangu 2013, tukalipa. Pembeni yetu Kariakoo mtu anauza diski moja imebanwa filamu kibao za nje kwa bei ya kutupa, hana stempu, hana mkataba na mtu. Mpaka Aprili 2017 wasanii wakaingia barabarani kupinga filamu hizo za nje. Wengine waliacha kabisa kazi hii. Leo unataka kodi yetu hiyohiyo itunze kilichotumaliza?

Mchangiaji wa Temeke

Mimi ni fundi, sheria nawaachia nyie. Ninachoomba: mwenye kanda asiichomeke tu kwenye deki. Achungulie kwanza kwenye kidirisha cha kanda. Akiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu, itachafua vichwa vya deki na kuhamia kwenye kanda nyingine zote. Isafishwe kwanza. Na msihamishie kwenye diski za kuchoma, nazo zinaharibika. Wekeni kwenye kompyuta, kisha nakala mahali pengine. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamisha, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo mnaosema tutafanya mwakani mjipange.

Mleta mada

Ahsante fundi.

Kaka wa Sinza, maumivu yako sina haki ya kuyapunguza, na sitetei biashara ya Kariakoo. Lakini kutunza si kuuza. Mchapishaji wa kitabu anawajibika kupeleka nakala Maktaba ya Taifa, nazo zinakaa pale Upanga zisomwe. Kwa nini pasiwe na chumba cha kanda, mtu akaja akasikiliza palepale akaondoka bila nakala? Kwa sheria hiyohiyo uliyoitaja, filamu inalindwa miaka 50. Iliyotoka 1985 itakuwa huru 2035. Utepe hautasubiri.

Tena hili ni lako wewe kuliko langu. Shumileta ya Mussa Banzi, ya 2005, ile iliyowanyima watu usingizi mtaani: filamu za Bongo za wakati ule zilipigwa kwa kamera za video, hazina mikanda ya sinema iliyofungiwa ghala fulani Ulaya. Kama kanda ya kwanza ilirekodiwa juu yake harusi ya mtu, basi nakala iliyobaki kabatini kwa shangazi yako Magomeni ndiyo filamu yenyewe. Unaijali au huijali?

Mchangiaji wa Sinza

Naijali sana, na hapo tuko pamoja. Zianze za kwetu, kwa mkataba na watayarishaji walio hai na familia za waliofariki. Wapo waliouza haki zao zote kwa msambazaji kwa hela ndogo, kwa hiyo kuna kazi ya kutafuta mwenye mali ni nani. Za Lufufu bado nakataa. Siku watafsiri wenyewe watakapokaa mezani na wenye filamu, nitasikiliza.

Mleta mada

Zianze za kwenu, sawa. Ila kwa za Lufufu naomba jambo moja la kati: zikikamatwa kwenye msako, kabla ya kuteketezwa, atolewe mtu wa kuhamisha walau sauti. Bodi ya Filamu na watu wa hakimiliki wanaweza kulikubali bila kubadilisha sheria? Anayezijua kanuni zao aseme hapa.