Acheni kutulinganisha na yule mama wa Kanada, huku Mtwara meya hatumpigii kura!

Wakuu, kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mtwara, ya Hazel McCallion, yule mama aliyekuwa meya wa Mississauga, Kanada, kuanzia 1978 mpaka 2014. Chini yake watu wanajaza maneno: "na sisi tungepata meya kama huyu." Nimesoma nikapandwa na hasira.

Huyo mama wananchi wenyewe walimpigia kura. Alishinda mihula kumi na miwili! Novemba 1979, hata mwaka hajamaliza kitini, treni iliyobeba kemikali iliacha reli, gesi ya klorini ikavuja, zaidi ya watu 200,000 wakahamishwa. Yeye alikuwa pale pale na watu wake, anachechemea, mguu umeteguka. Na hakuwa malaika. Mwaka 1982 mahakama ilimkuta na mgongano wa maslahi kwenye mambo ya ardhi, na mwaka 2011 tume ikasema hayo hayo kuhusu biashara ya hoteli iliyomhusu mwanawe. Ile ya 1982 wananchi waliisikia, na waliomrudisha ni wao. Alitoka ofisini kwa hiari yake akiwa na miaka 93.

Sasa njooni kwetu. Mimi na wewe tunampigia kura diwani, basi. Meya anachaguliwa na madiwani wenyewe kwa wenyewe kwenye baraza, tena jina limeshapitishwa na vikao vya chama. Akitaka kukaa muhula baada ya muhula, anaowabembeleza ni madiwani wenzake na wakubwa wa chama. Mama anayeuza samaki feri hana cha kumfanya. Mkurugenzi wa manispaa, ambaye ndiye anayeshika mafungu, anateuliwa na Rais. Barabara tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani tukinunua umeme, shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, haipiti mkononi mwa meya. Meya kabaki na nini mkononi? Joho, mkufu, na kiti cha mbele kwenye sherehe.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu umeziba. Umejaa chupa za plastiki na vifuu vya madafu, maji yamegeuka kijani, na mvua zikianza Desemba yanaingia mpaka jikoni kwa jirani, bibi mtu mzima anayelea wajukuu. Mwaka jana tuliwakuta wale watoto wamepandishwa juu ya meza, unga wote umeloa. Nikaenda ofisi ya kwanza, nikaambiwa si yetu hiyo, nenda ile pale. Ile pale wakaniambia leta barua ya mtaa. Barua nikapeleka, ikapigwa muhuri, kimya. Nikamfuata kiongozi mmoja aliyekaa kwenye baraza miaka na miaka, mtu mzima, nikamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee." Akanijibu: "Kijana, mimi sina fungu la mitaro."

Inaniuma kwa sababu alisema kweli! Ana miaka yote ile kitini na fungu la mtaro hana. Halafu akistaafu tutaandaliwa hafla, tusomewe risala ndefu ya utumishi uliotukuka, na bibi yule bado anachota maji jikoni kwa sufuria.

Kwa hiyo mnaosambaza klipu, dai liwe moja: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, ibadilishwe, meya apigiwe kura na wakazi wa manispaa nzima, na akabidhiwe fedha na barabara za kujibia. Akifanya vizuri akae hata miaka 36, sina neno. Akiharibu, tumtoe sisi.

Wanasheria mliomo humu, mwananchi wa kawaida anaanzia wapi kudai hilo? Kwa mbunge, au mahakamani? Naombeni majibu ya maana, mvua haziko mbali.