Udokta wa saikolojia tiba wenye theolojia ndani yake, vigezo vikoje?

Binti_Igoma
Mwangaluka wadau. Naomba msaada kwa wenye uelewa. Nina digrii ya kwanza ya ualimu upande wa saikolojia, GPA 3.9, nipo hapa Mwanza nafundisha sekondari na wikiendi nahudumu kanisani kwetu AICT kwenye ushauri wa vijana na wanandoa. Kinachonisukuma ni kwamba mtu anakuja hapati usingizi usiku, chakula hali, anasikia sauti, anaombewa anarudishwa nyumbani basi, na hata waliofika hospitali ya Bugando wakapewa dawa ndugu wanawaambia kumeza vidonge ni kukosa imani, wanaacha, wanarudi kwetu wakiwa hoi zaidi. Nataka niwe mwanasaikolojia kamili sio wa semina, ila nisome sehemu ambayo theolojia ni sehemu ya kozi yenyewe. Kuna mama hapa jirani kaniambia ipo ya mtandaoni mwaka mmoja tu unaitwa dokta. Hivi wanataka nini hasa? Na lazima nianze na digrii ya theolojia?

Mzee_wa_Kirumba
Mwaka mmoja udokta?? Hicho ni cheti cha kutundika sebuleni mwanangu. Kaa na hela yako.

Nyegezi_Kona
Dada Binti, mimi nimesoma masta ya saikolojia tiba pale MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, na nilishawahi kufuatilia sana hizi kozi za udokta za Marekani, ngoja nikumwagie ninachokijua.

Kwanza hapana, digrii ya theolojia haihitajiki kuingia. Theolojia utaisomea humohumo. Vyuo vyenyewe ni kama Fuller pale Pasadena, California, ambao shule yao ya saikolojia ilianza 1965, halafu Rosemead iliyo ndani ya Biola, Wheaton kule Illinois, George Fox wa Oregon, Regent wa Virginia. Ukitafuta, cha kuangalia kabla ya kitu chochote ni ithibati ya APA, yaani chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Hizo za mwaka mmoja "ushauri wa kikristo" hazina, na bila hiyo majimbo mengi leseni utaisikia kwa wenzio.

Udokta wenyewe ni wa aina mbili, kuna PhD na kuna PsyD. PhD inaegemea utafiti zaidi, PsyD inaegemea kutibu, kwa unavyojieleza naona PsyD ndo yako. Zote ni kama miaka mitano kwenda juu na unaweza kuingia na digrii ya kwanza, masta unaipata njiani. Wanapenda uwe umeshapita takwimu, mbinu za utafiti, ukuaji wa binadamu, nadharia za haiba na saikolojia ya magonjwa ya akili, sasa wewe wa ualimu hiyo ya mwisho inawezekana huna, angalia transkripti yako vizuri. Na GPA yako ni kati ya 5, wao wanahesabu kati ya 4, kwahiyo itabidi matokeo yapitishwe kwa wakala wa kutathmini, usije ukaandika 3.9 ukafikiri umewaka.

Ndani ya kozi ndo kuna kazi. Unasoma tiba, vipimo vya kisaikolojia, maadili, takwimu tena, na pembeni yake Biblia, theolojia na masomo ya kuunganisha imani na saikolojia, sio kubandika mstari mwishoni mwa insha, ni vitu kama binadamu ni nani, dhambi na ugonjwa vinatofautianaje, mteja asiyeamini unamhudumiaje bila kumhubiria. Kuanzia mapema unapelekwa kliniki kuona wagonjwa chini ya msimamizi, vyuo vingine vinakutaka na wewe mwenyewe ukae kwenye kiti cha mteja utibiwe, kuna mtihani mkubwa wa kupima kama umeiva, kuna tasnifu, halafu mwaka wa mwisho ni intanshipu, yaani mafunzo kazini, ya muda wote mwaka mzima. Hiyo intanshipu hupangiwi na chuo, unagombania na wanafunzi wa nchi nzima. Udokta unaupata baada ya hapo, sio kabla.

Pia vyuo hivi vinauliza imani yako waziwazi, unaandika ushuhuda wako na sehemu nyingine unasaini kukubali misingi yao. APA inaruhusu chuo cha kidini kufanya hivyo ilimradi kiwe kimetangaza mapema.

Mtumishi_Sengerema
Bwana asifiwe. Samahani naomba nitofautiane kidogo. Yesu alitoa pepo bila PsyD. Mnachanganya neno la Mungu na elimu ya wanadamu, mwisho mtumishi anaanza kuita kila kitu ugonjwa.

Nyegezi_Kona
Amina mtumishi. Ila Luka alikuwa tabibu na Paulo alisafiri naye, hakumwambia aache kazi. Mtu wa kifafa amefungwa kamba Ukerewe miezi, huyo simwiti mgonjwa nimwite nani? Maombi sijayakataa mimi, nakataa ile ya kumnyang'anya mtu dawa.

Mzee_wa_Kirumba
😂😂 mtumishi kaguswa. Haya turudi kwenye mada, ada je? Maana hapo ndo safari za wengi huishia kwenye stendi ya Nyegezi.

Binti_Igoma
Asante sana kaka Nyegezi. Kweli ada ndo swali langu la pili. Na nikimaliza si naruhusiwa kufanya kazi kule kidogo nilipe deni?

Nyegezi_Kona
Ada ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na kabla ya viza chuo kitataka uoneshe hela ya mwaka wa kwanza ipo, sio ahadi ya mjomba. PsyD nyingi skolashipu zake ni za kupunguza tu, haziondoi ada yote. Halafu kuna kitu hakuna anayekwambia, intanshipu za hospitali za wastaafu wa jeshi kule ni nyingi na nzuri lakini wanataka raia wa Marekani, kwahiyo wewe mgeni uwanja unapungua. Kufanya kazi ni leseni, kila jimbo na lake, mtihani una maswali 225, na California kwa mfano wanataka masaa 3,000 ya kazi chini ya usimamizi na nusu yake ufanye baada ya udokta.

Ningekuwa wewe ningefanya masta ya saikolojia tiba MUHAS kwanza, unabaki nchini, unashika wagonjwa wa kwetu kwa Kiswahili na Kisukuma. Baada ya hapo vuka Kenya, Daystar ni chuo cha kikristo na wana PhD ya saikolojia tiba, USIU, chuo kingine cha Nairobi, wao wana PsyD ila sio cha kanisa. Hapo bado hujapanda ndege ya masaa ishirini.

Binti_Igoma
Daystar sikuwahi kuifikiria kabisa. Na wakikubali, TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wataitambua hiyo PhD?

Nyegezi_Kona
Cheti cha nje unakipeleka TCU wakitambue, andaa transkripti na barua ya chuo usisubiri mpaka uombwe kazini. Na dada, omba MUHAS na mwaka huuhuu uombe mchungaji wako akuruhusu ukae hata siku moja kwa wiki wodi ya akili Bugando kujitolea, wale kwenye intavyuu watakuuliza umeshaona wagonjwa wangapi na sio umehudhuria makongamano mangapi.

Mzee_wa_Kirumba
Ukifika Nairobi usisahau kutuletea majani ya chai.