Uvimbe ndani ya uti wa mgongo: upasuliwe pasipo na kipimo cha neva?

Mleta mada:
Wakuu, hili tulijadili waziwazi. Mimi ni mtaalamu wa dawa za usingizi. Msimamo wangu: uvimbe uliomo ndani kabisa ya ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita kwenye pingili, usipasuliwe mahali pasipo na kipimo cha neva, labda miguu iwe inazimika siku hiyohiyo.

Kinavyofanya kazi: sindano ndogo za kichwani hupeleka umeme, za kwenye misuli ya mguu husoma jibu. Jibu likififia, mpasuaji anasimama, anamwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu, mimi napandisha presha, tunasubiri. Mara nyingi jibu hurudi. Katikati ya meno tunaweka shashi iliyoviringishwa, maana umeme ule hukaza taya na mgonjwa anaweza kujing'ata ulimi. Na dawa ya kulegeza misuli siirudii baada ya kuweka mpira wa kupumulia, kwa sababu msuli uliolegezwa hausemi kitu.

Mchangiaji:
Shikamoo daktari. Dada yangu alisubiri rufaa ya kufuata hiyo mashine miezi mitano. Kliniki ya kwanza alikwenda na fimbo, kwenye upasuaji akafikishwa kwa kiti cha magurudumu. Halafu, wagonjwa wamewahi kugawanywa kwa kura, hawa wapimwe na hawa wasipimwe, ikaonekana tofauti? Kama bado, mnatulazimisha kwa lipi?

Mleta mada:
Marahaba, na pole sana kwa dada. Kuhusu kura, nani atakubali imwangukie upande wa wasiopimwa? Tulicho nacho ni kazi kama ya Verona, Italia. Mwaka 2006 Francesco Sala na wenzake walilinganisha wagonjwa 50 waliopimwa na 50 wa miaka ya nyuma, wenye hali zinazofanana, ambao hawakupimwa. Miezi mitatu baadaye waliopimwa walikuwa na hali nzuri zaidi. Doa lipo, nakiri: katika miaka hiyo mkono wa mpasuaji nao ulizidi kuzoea.

Kinachonishawishi zaidi ni waya mwembamba unaolazwa juu ya ugwe, chini ya uvimbe, kusoma wimbi liitwalo D. Misuli ikinyamaza lakini wimbi hilo likabaki zaidi ya nusu, mgonjwa huamka na mguu mzito, na kwa kawaida nguvu hurudi. Likishuka chini ya nusu, acheni kilichobaki. Bila waya huo mpasuaji mwangalifu huacha uvimbe ambao angeumaliza, na jasiri hupitiliza.

La dada yako ni zito. Uvimbe ulio nje ya ugwe, unaoukandamiza tu, mimi sidai usubirishwe kwa ajili ya mashine. Kusubiri kwenyewe kunapoozesha. Wa dada ulikuwa ndani au nje? Angalia ripoti ya MRI, itakuwa imeandikwa.