Kufungua oili ya gia boksi nyumbani kwako: mtaa una haki ya kukuzuia?

Mleta mada (Soweto, Mbeya)

Wakuu, salaam. Mtaani kwetu kuna hoja imeletwa kwenye mkutano wa mtaa na inaelekea kupita: asionekane mtu anafungua oili ya gari kwenye makazi, awe fundi awe mwenye gari, na atakayekamatwa alipe faini. Chanzo ni gereji bubu mbili zilizogeuza mtaro wa maji ya mvua kuwa jalala la oili chafu. Hapo sina ubishi hata kidogo. Ubishi wangu ni kwamba wavu umetupwa kwa ajili ya hao wawili, ukatuzoa na sisi tunaofanyia kazi ndani ya uzio wetu.

Oili na filta ya gia boksi ya IST yangu nabadilisha mwenyewe. Si ubahili. Gereji nyingi ukisema "nibadilishie oili ya gia boksi", kijana analegeza nati ya chini, zinatoka kama lita tatu, anarudishia galoni nzima ya lita nne kwa vile umeshainunua, anafunga, anaomba hela ya soda. Sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, haikushushwa. Filta hajaiona kwa macho. Zile sumaku ndogo za ndani ya sampo zinazonasa unga wa chuma zimekaa na uchafu wake tangu gari liko Japani.

Nyumbani naiendea taratibu. Gari likae tambarare, juu ya stendi za chuma, jeki peke yake hapana. Oili inayotoka naimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu ili nijue nimetoa kiasi gani. Kisha bolti za sampo, nalegeza za upande mmoja kwanza ili sampo iiname polepole, maana humo ndani bado kuna oili na ukiishusha kwa pupa utaoga. Sumaku zikitoka zina tope la kijivu laini kama dawa ya meno, hiyo ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza vidoleni, acha kila kitu ukatafute fundi. Filta imeshikwa na bolti chache kwenye valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili ndani ya gia boksi. Inatoka, mpya inaingia, sampo inafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, gasketi mpya, inarudi. Nakaza kwa kupishana, tena kidogo tu, maana nguvu ya kukaza bolti hizo haifiki hata Nm 10 (nyutoni mita) na zinaingia kwenye aluminiamu. Silikoni nyingi mpaka ifurike sipaki, kwa sababu kipande kikikatikia ndani kinakwenda kuziba kule kule ulikotaka kusafisha.

Sasa niambieni, kwa kazi ya namna hiyo, isiyodondosha tone chini, mtaa unanidai nini?

Fundi wa Mafiati

Mkuu, maelezo yako yamenyooka. Mimi niko kwenye kazi hii na hiyo tabia ya galoni nzima naijua, ipo, na inaua magari. Lakini naunga mkono katazo, na wala si kwa ajili ya mtaro.

Wewe unayo IST ya zamani, ile inayotumia oili ya Toyota iitwayo T-IV na yenye kijiti cha kupimia. Hilo ni gari jepesi kuliko yote katika kazi hii. Jirani atakuona uani, atasema kumbe ni nati tu, naye atalala chini ya Premio yake. Na Premio si moja. Ile ya 2001 mpaka 2007, ya injini ya 1.5 au 1.8, ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida. Iliyofuata hapo ina CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua. Jina moja, oili mbili zisizoingiliana. Ukiweka ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida, kwenye CVT, mkanda wa chuma unateleza juu ya puli, unakwangua, na hapo hakuna kutengeneza, unanunua gia boksi nyingine. X-Trail na Nissan Note nyingi ni hivyo hivyo, ila CVT ya Nissan ina oili yake na ya Toyota ina yake. Honda nayo ina ya kwake, na hupimwa injini ikiwa imezimwa wakati Toyota hupimwa ikiwa inanguruma. Hayo huyaoni kwa kulala chini ya gari.

Halafu kipimo. Kijiti cha Toyota kina alama za baridi na alama za moto. Mtu wa Mbeya mwezi wa saba anaamka asubuhi, kibaridi kinauma, anachomoa kijiti, anaona oili iko chini ya alama za moto, anaongeza. Akienda Mbalizi na kurudi, gia boksi imepata joto, oili imetanuka na imezidi. Inapigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halisukumi klachi. Gari linaanza kuteleza gia, anasema fundi kamuuzia oili feki. Alama za moto zinasomwa gari likishatembea, oili iko kwenye nyuzi 70 mpaka 80, injini inanguruma, umeshapitisha gia zote na kurudi P.

Magari yanayotumia WS, oili ya Toyota iliyokuja baada ya T-IV, mengi hayana hata kijiti. Unafungua nati ya pembeni gari likiwa limewashwa na limelala sawasawa, oili ikiwa na joto la kama nyuzi 40, unaacha iliyozidi idondoke yenyewe. Uwanja ulio sawasawa Mbeya hii ni wa nani? Nyumba zetu nusu ziko kwenye mteremko.

Kihesa Daima

Kamweni! Mimi niko Iringa, nina Noah. Nauliza jambo moja kabla hamjagombana: nimeambiwa hii oili ni ya maisha yote ya gari, na kwamba gia boksi ikishazeeka ukiibadilisha oili ndiyo unaiua. Jirani yangu alibadilisha, wiki haikuisha, gari likagoma kurudi nyuma. Sasa hili la kuzuia au kuruhusu si tunagombania kitu ambacho hakitakiwi kufanywa kabisa?

Fundi wa Mafiati

Kihesa, oili ya maisha yote ni maneno ya mtu ambaye gari atalitumia miaka michache kisha aliuze. Sisi tunaanzia pale alipoishia yeye. Na wewe unapandisha Kitonga. Gari limejaza abiria saba na magunia, linapanda vile vikona nyuma ya lori la Tunduma lisilozidi mwendo wa mtu anayekimbia, gia ya kwanza na ya pili tu. Joto lote hilo linaishia kwenye oili. Kama ni nyekundu iliyofifia bado inafaa kidogo. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kitu kilichoungua, klachi zimeshaanza kulika.

Gari la jirani lilikuwa linakufa kabla. Watu hukumbuka oili siku gia zimeanza kuteleza, wanaibadilisha kama dozi ya mwisho, ikishindikana wanasingizia dawa. Kama haijabadilishwa miaka mingi, usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya presha. Mwaga, rudishia kiasi kile kile, tembea wiki kadhaa, rudia. Kila unapomwaga inatoka chini ya nusu, nyingine inabaki kwenye toki konventa, kile kiungo kati ya injini na gia boksi.

Bustani Bondeni

Nyie wanaume mnaongea gia boksi tu. Mimi nalima chainizi na figiri bondeni, huo mtaro anaousema mleta mada unaishia kwangu. Kiangazi namwagilia kwa ndoo kutoka kwenye kijito. Nikichota, juu kuna rangi rangi zinazometameta kama upinde wa mvua, na ndoo ikikauka inabaki inateleza. Mboga nikizipeleka Mwanjelwa mteja ananusa fungu, anarudisha. Sijui ilitoka kwenye injini au gia boksi, gereji bubu au nyumba yenye geti zuri. Mafuta hayana jina la mtu.

Mleta mada, mwanangu, nakuamini kuhusu chupa zako. Zikishajaa unazipeleka wapi? Hapo hujasema.

Mleta mada (Soweto, Mbeya)

Shikamoo mama. Zinakwenda gereji moja kubwa yenye pipa, wanauza kwa wanaokuja kuchukua. Ila umenikamata pazuri, maana pipa hilo ni hiari ya mwenye gereji. Kesho akikataa, sina pengine pa kupeleka.

Fundi, hoja yako ya Premio naikubali yote, lakini haizai katazo. Mtu akiua gia boksi yake kwa kuweka oili isiyo yake, ameumia yeye na mfuko wake. Mtaa haukatazi watu kujenga ukuta mbovu uani kwa kuhofia kwamba hawajui kuchanganya saruji.

Na kuna la sheria. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kwa mijini anayetunga ni halmashauri yenyewe, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, na haianzi kutumika mpaka waziri aidhinishe. Mwenyekiti akisimamisha mtu getini na kumdai faini kwa azimio la mkutano tu, hiyo hela ni ya nani na risiti inatoka wapi? Wakati huo huo kuchafua kijito cha mama tayari ni kosa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ile ya kuwabana wanaomwaga ipo. Wanaacha iliyopo wanatafuta isiyowezekana, kwa sababu kumkamata mwenye uzio ni rahisi kuliko kugombana na gereji bubu yenye vijana kumi na wateja wenye majina.

Mbao Mafinga

Mnashangaza, mnaogopa kupata pa kupeleka oili chafu! Huku Mafinga inatafutwa kwa tochi. Wenye misumeno ya mbao wanalainishia mnyororo, wajenzi wanapaka kenchi mchwa wasile. Leteni madumu.

Bustani Bondeni

Na mchana kutwa kijana anaipaka kwa mikono mitupu. Mnyororo wa msumeno nao unarusha yote ardhini, msituni. Hamjaiondoa, mmeihamisha. Afadhali hiyo ya kenchi inakaa juu ya mbao, lakini nayo glavu mvae.

Fundi wa Mafiati

Mama kasema kweli kuhusu mikono. Sisi mafundi wenyewe tunanawa kwa petroli na kucheka.

Mleta mada, la ukuta mbovu sikubali. Ukuta mbovu ukimwangukia mtoto wa jirani huo ni wa mtaa. Na gari lililo juu ya tofali za kuchoma ni hivyo hivyo. Wewe unasema stendi za chuma. Nimeshaona mtu ametoa gurudumu, gari limekaa kwenye tofali tatu, na yeye kichwa kiko chini ya sampo. Tofali la kuchoma halitoi onyo, linapasuka mara moja. Watoto nao wanazunguka pale wanashika spana. Kwenye hilo mtaa una la kusema.

Ila sheria umenielimisha. Azimio la mkutano haliwezi kutoza, sawa. Basi ungekuja na pendekezo, maana kupinga tu hakutoi oili kwenye kijito.

Mleta mada (Soweto, Mbeya)

Nalo ni hili, nitalisoma mkutano ujao. Moja, mtaa uiandikie halmashauri ya jiji, siyo kututoza. Barua itaje zile gereji mbili kwa mahali zilipo, na iwataje kwa kumwaga mtaroni, kosa ambalo tayari lipo. Mbili, pipa moja la mtaa la oili chafu likae kwenye gereji itakayokubali, na hela itakayopatikana ikiuzwa itumike kusafisha mtaro. Atakayefungua oili nyumbani apeleke chupa zake pale, aandikwe kwenye daftari. Kazi ya nyumbani ibaki halali.

La stendi nalichukua pia. Siwezi kulipigania tofali.

Kihesa Daima

Daftari litajaa wiki ya kwanza, ya pili litakuwa limefungia mlango. Nakuunga mkono hata hivyo. Ila mimi Noah yangu naipeleka kwa fundi, nitasimama pembeni nihesabu lita zinazotoka na zinazoingia. Fundi, hiyo sampo utaishusha nikiona?

Fundi wa Mafiati

Utaishika sumaku kwa mkono wako. Njoo na filta na gasketi mpya, na oili uisome kopo kabla hujalipa. Usije asubuhi ukiwa na haraka, tunasubiri ipate joto ndiyo tupime.

Na mleta mada, pipa nakubali likae kwangu. Liwe na kifuniko kinachobana, liwe kwenye zege na liwe na kizingiti cha tofali kulizunguka. Mvua za Novemba zikiingia kwenye pipa lililo wazi, maji yanakaa chini, oili inapanda juu na kufurika, na huyo mama atanifuata mimi.

Bustani Bondeni

Nitakufuata kweli. Kizingiti kijengwe kwanza, pipa baadaye. Ndaga fijo.