Muheza hadi Bagamoyo wakati wa masika: Pangani au Segera?

Bint Muheza:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Jumamosi moja ya Aprili mdogo wangu anaolewa Bagamoyo. Mimi nimekabidhiwa mama, bibi, masufuria manne ya kukodi na mabegi ya sare, vyote ndani ya Noah moja. Mjomba ang'ang'ania tupite Pangani na Saadani, eti kwenye ramani ni hapo tu. Mie nataka Segera, Msata, kisha lami ya Bagamoyo. Mwaka juzi maji yalitulaza njiani, bibi akashinda na biskuti, hajanisamehe mpaka leo. Nitoke Alhamisi au Ijumaa?

Utingo Mstaafu:
Binti, mjomba mheshimu ila usukani usimpe. Udongo wa Saadani ni mweusi, ukilowa unanata kama ugali wa muhogo, na Noah iko chini. Tena mle ni hifadhi: ukikwama usiku, wa kukusukuma ni simba. Kiangazi piteni mkaone viboko. Masika, Segera.

Sasa sikia. Watu wa kwetu tukitaka kusafiri tunaangalia mbingu ya Muheza. Mito mtakayovuka haina habari na mbingu hiyo. Wami hujazwa na mvua za Kilosa na Dodoma. Ruvu yashuka milima ya Uluguru, Morogoro. Mtafika bonde la Ruvu jua linawaka, mkute maji ya juzi ya Morogoro ndiyo kwanza yanaingia. Daraja la Wami silihofii, jipya lina mita 510, si lile jembamba la kupishana kwa zamu. Mimi nalihofia hilo bonde kati ya Msata na Bagamoyo.

Kwa hiyo piga simu kwa mtu wa Morogoro kabla ya kupakia hayo masufuria. Mkifika Msata shukeni mnywe chai, mtazame magari yanayotoka Bagamoyo. Yakikatika nusu saa nzima, uliza madereva kabla hujakata kona. Pakifungwa, nyooka Chalinze, Mlandizi, Kibaha, uingie Bagamoyo kwa Bunju. Mlandizi nako mnavuka Ruvu ileile, kwa hiyo ulizia njia zote mbili. Na maji yakipita juu ya lami usijaribu, hata Fuso likitangulia. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaibeba Noah na bibi ndani.

Mkwe wa Kaole:
Nakazia. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa siku tano. Ukiona "angalizo" toka mapema, ukiona "tahadhari kubwa" kwa Pwani au Morogoro, mtoke siku mbili kabla. Na keki inatoka wapi? Kama ni Dar, ifike Ijumaa. Aprili 2014 daraja la Mpiji lilikatika, Dar na Bagamoyo zikawa kama nchi mbili.

Bint Muheza:
Keki ni ya Dar kweli! Sikuifikiria kabisa, nampigia mpishi sasa hivi. Basi tunatoka Alhamisi alfajiri. Mjomba kanuna, asema atapanda basi lake. Bibi kauliza jambo moja tu: hiyo chai ya Msata ina maandazi?

Utingo Mstaafu:
Mwambie achukue ya kwake Segera.