Frankenstein: Kosa la Victor ni lipi hasa?

Mleta mada:
Wakuu, kila ukizuka ubishi wa mbegu za vinasaba au akili mnemba, hakosekani wa kuitaja Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley iliyotoka London mwaka 1818, ya mwanasayansi Victor aliyeunda kiumbe hai, kuwa ushahidi kwamba anayeingilia kazi ya Mungu lazima aumbuke. Napinga. Kaisomeni upya kesi ya Justine.

Justine ni mtumishi wa nyumbani kwao Victor, Geneva. Mdogo wake Victor, William, ameuawa kwa kukabwa koo, na kijipicha alichokuwa amevaa kimekutwa kwenye nguo za Justine. Victor anajua fika muuaji ni kile kiumbe alichokiunda Ingolstadt, mji alikosomea, na kukikimbia usiku uleule kilipofumbua macho. Nyumbani anasema Justine hana hatia. Mahakamani kimya, asije akaonekana mwehu. Kura zinatoka nyeusi zote, yaani ana hatia. Binti wa watu, akitishiwa na padri kutengwa na kanisa na kuchomwa motoni, anakiri asilolitenda, kisha anapelekwa kunyongwa. Hapo sayansi imekosa nini? Ni mtu mzima aliyelinda jina lake.

Mchangiaji:
Mkuu, mbona unaruka? Kile kijipicha alikitia nani kwenye nguo zake? Kiumbe mwenyewe, Justine akiwa amelala ghalani, na alijua vizuri lawama itaangukia wapi. Huyu kasoma hadi mashairi ya Milton, si mnyama. Kutelekezwa kunauma, sawa, ila hakumpi mtu ruhusa ya kukaba watoto. Halafu Victor angesema, nani angemwamini? Asingeunga viungo vya maiti, William na Justine wote wangekuwa hai. Mzizi ni palepale chumbani Ingolstadt.

Mleta mada:
Kiumbe simsafishi, muuaji ni muuaji. Lakini hiyo ya "nani angemwamini" kitabu chenyewe kinaipangua. Mkewe Elizabeth alipouawa na kiumbe usiku wa harusi, Victor alikwenda kwa hakimu, Geneva hiyohiyo, akaeleza yote mwanzo mwisho, na tarehe akazitaja. Hakimu hakushawishika sana, ila alimsikiliza hadi mwisho na hakumfukuza. Kumbe mdomo alikuwa nao. Ulifunguka baada ya mdogo wake, Justine, rafiki yake Clerval na mke wake wote kwisha. Mnaoshikilia hoja ya kazi ya Mungu, nijibuni hilo kwanza.